Siagi kwenye Plastiki

Watu wa Nyakanazi wakiambiwa mjini kwao kuna makumbusho, hucheka. Gesti wanazijua, vituo vya mafuta wanavijua, mama lishe wanaowapikia madereva wa malori wanawajua kwa majina, lakini makumbusho wanaona ni maneno ya kumfurahisha mgeni. Basi na wacheke. Makumbusho yapo, nyuma ya duka la vipuri, nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati, na kwa miaka sita aliyeyatunza kwa mikono yake ni mwanamke mmoja aitwaye Felisita. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwenye makumbusho ni Ahmadi, mtoto wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, ukoo ambao babu zao walitoka pwani na marobota ya nguo. Ahmadi si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele utataka kumtukana, na mimi mwenyewe nimeshamtukana vya kutosha. Ana lugha tamu, anawaamkia wakubwa, na anapenda vitu vya zamani kweli kweli. Tatizo lake ni kwamba anapenda vitu.

Ngoma na mikuki, alisema, kila mtu anayo. Yeye alitaka plastiki. Alizunguka Biharamulo na Ngara akiomba madumu ya njano yaliyobeba maji ya wakimbizi mwaka tisini na nne, yeboyebo za watoto, vitana, sahani, maganda ya redio, kandambili zilizoshonwa kwa waya. Watu walimpa wakidhani amechanganyikiwa. Mtu anakuja na pikipiki mpaka Mbuba kuomba dumu bovu, unadhani watasema nini? Walimpa, na wengine wakamwongezea na ndoo zilizotoboka ili wapunguze takataka uani.

Felisita aliajiriwa kwa ajili ya chumba kingine, kile cha vyombo vya maziwa. Ni mjane wa kijiji cha Nemba, lakini amezaliwa Mbuba. Baba yake, Aristides, alikuwa Mhangaza wa kahawa na migomba. Mama yake aliolewa kutoka ng'ambo, Burundi, na alikuja na kitu kimoja ambacho wanawake wa pale kijijini walimwonea wivu, nacho ni ujuzi wa maziwa. Chombo cha mti kikianza kunuka uchachu, mama hakukitupa. Alikiosha, akakikausha, akakifukiza kwa moshi wa nyasi kavu juu ya makaa, akakipaka siagi ndani na nje mpaka kikang'aa, kisha akakifunika moshi usitoke. Chombo kilichotunzwa hivyo huishi kuliko aliyekichonga. Felisita alijifunza hayo kabla hajajua kusuka nywele.

Mwaka wake wa kwanza pale, mchwa waliingia kwenye sanduku lake kule Nemba. Walikula vitenge, wakala vyeti vya marehemu mumewe, wakala hata picha ya kipaimara. Kilichopona ni kadi ya baba yake ya chama cha wakulima wa kahawa, kwa sababu ilikuwa ndani ya kava la plastiki. Kadi ya mwaka sabini na nne. Karani alikuwa ameijaza kwa kalamu ya wino wa bluu: jina, Aristides, kabila, Mhangaza, amezaliwa Mbuba, miche mia nne. Chini yake kuna mke, na chini ya mke kuna watoto, na wa kwanza ameandikwa Felisita, amezaliwa Mbuba, elfu moja mia tisa sitini na saba. Pembeni kuna dole gumba la baba, la wino wa zambarau. Picha ya Aristides haikuwahi kupigwa. Dole hilo ndilo lilikuwa sura yake.

Felisita aliipeleka kwa Ahmadi imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo mama," Ahmadi alisema, akaipokea kwa mikono miwili. "Angalia hili kava! Plastiki hii haitengenezwi tena siku hizi."

"Marahaba mwanangu. Ndani kuna baba yangu."

"Baba yako amefika mahali salama. Karatasi inaliwa na mchwa, plastiki haiozi. Hapa atatuzika sote."

Felisita aliona kwamba hakuifungua kadi. Aligeuzageuza kava tu, akalinusa, akalipima kwa rula. Aliliona hilo, akaliacha lipite, kwa sababu maneno aliyoambiwa ndiyo aliyoyataka. Na nani angebisha? Kila mtoto wa shule anafundishwa kwamba mfuko wa plastiki ukiutupa shambani wajukuu wako wataukuta. Kama kuna kitu duniani kisichohitaji kutunzwa, basi ni plastiki. Kwa hiyo chumba chenye dari kilipewa vyombo vya mti, na plastiki ikapewa kile cha bati tupu, ambamo saa nane mchana huwezi kusimama bila kutokwa jasho.

Mwaka wa tatu plastiki ikaanza kuugua. Yeboyebo zilipasuka zenyewe bila kuvaliwa. Dumu likawa linaacha unga wa njano kiganjani. Kitana kimoja cha rangi ya asali kilianza kunuka siki, harufu kali ya kukufanya ulengwe machozi, na vitana vya jirani yake navyo vikaambukizwa. Kava la Aristides likakakamaa, likawa la njano pembeni, na juu yake yakatoka matone madogo yanayonata, kama jasho la mtu mwenye homa.

Ahmadi alichanganyikiwa. Felisita hakuchanganyikiwa hata kidogo. Uchachu huo aliujua tangu utotoni.

"Vinataka kufukizwa," alisema. "Niachie mimi."

Akavifukiza. Akakusanya nyasi, akawasha makaa kwenye kigae, akavigeuza kimoja kimoja juu ya moshi, akavipaka siagi ya ng'ombe, akavifunika ndani ya masanduku na kubana mifuniko. Jioni ile vilitoka vinang'aa, vinanukia vizuri, na kava la baba yake likarudi kuwa laini. Ahmadi alipiga makofi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya kufukiza. Kava la Aristides aliliweka la mwisho ili asiwe na haraka nalo. Alilikanda kwa siagi mbele na nyuma, akalishikilia karibu na joto mpaka likalegea, akawa anamsemesha baba yake kwa Kihangaza habari za Nemba, nani kaoa, nani kafa, mvua imenyesha au imegoma. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote katika mwezi mzima. Kadi ndani hakuitoa hata mara moja. Ilikuwa imegandana na kava, na yeye aliona kugandana huko ni usalama.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwaka huu, mwezi wa tano, orodha ikaletwa kijijini Nemba ya watu waliotakiwa kuthibitisha uraia wao kabla ya kupewa vitambulisho. Jina la Felisita lilikuwemo. Kuna mtu alikumbuka mama yake alitokea wapi, na mtu wa kukumbuka mambo ya namna hiyo hakosekani. Asipoleta uthibitisho angehesabiwa mgeni. Ataomba kibali cha kuishi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, na akinyimwa atavushwa mpakani aende nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, awaache mume na watoto wawili waliolala chini ya migomba yake. Cheti cha kuzaliwa hana. Mwaka sitini na saba nani alimwandikia mtoto wa kike cheti? Wajomba hana, mashangazi na wadogo zake wamekwisha. Majirani wanamjua, naam, lakini walikuwa wameanza kumsalimia kwa mbali, kila mmoja akiogopa orodha ijayo isije ikawa na jina lake.

Felisita hakutetereka. "Mimi baba yangu yupo makumbusho," aliwaambia, na kwa mara ya kwanza maishani alitembea kwa maringo.

Alifika Nyakanazi siku ya tatu baada ya Idi. Ahmadi alikuwa na mgeni, Zulfa, binti wa shangazi yake, ambaye kazi yake huko Dar es Salaam ni hiyo hiyo ya kutunza vitu vya kale, ila yeye ameisomea. Felisita alieleza shida yake. Ahmadi akalitoa kava kabatini kwa furaha, akavuta kadi. Ilitoka kwa shida, ikilia kama gundi inayobanduliwa.

Karatasi ilikuwa imelowa mafuta mpaka ukiiangalia unaona vidole vyako upande wa pili. Mistari iliyochapwa mashineni ilikuwepo: Jina, na baada ya hapo patupu. Kabila, patupu. Amezaliwa, patupu. Watoto, patupu. Pale palipokuwa na dole gumba palikuwa na doa hafifu, lisilofanana na kitu.

Felisita aliigeuza, akaangalia nyuma. Akaigeuza tena. "Siyo yenyewe," alisema. "Mmenibadilishia."

Zulfa alilichukua kava, akaliinua dirishani. Ndani ya plastiki kulikuwa na ukungu wa bluu na zambarau, na ndani ya ukungu vijipande vya mwandiko vilivyogeuka kinyume, vimetanuka na kuingiliana. Herufi moja ya A ilisomeka, kama unajua kwamba ni A.

"Wino umehamia huku," Zulfa alisema taratibu. "Plastiki hii laini ina mafuta yake ndani, inavuta wino wa kalamu. Ukiipasha moto inavuta zaidi. Ukiipaka mafuta mengine, mama yangu, ndiyo kabisa." Kisha akamgeukia ndugu yake, na sauti ikabadilika. "Ahmadi, si nilikuambia?"

Ahmadi aliangalia sakafu.

"Mwaka jana mwezi wa sita ulinitumia picha, nikakujibu kwa ujumbe wa sauti, ukaniambia umesikia. Nilisema karatasi itoke kwenye plastiki siku hiyo hiyo. Nikasema mafuta marufuku, moto marufuku, usifunike, viache vipate hewa, kila kimoja na mahali pake. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

Felisita aliiweka kadi chini. Alimtazama Ahmadi, huyu mtoto aliyemwita mwanangu miaka sita, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kutokea.

"Ulijua?"

"Mama, wageni wa mradi uliotaka kutufadhili walikuwa wanakuja. Vitu vilikuwa vinang'aa, wewe mwenyewe uliona. Nikasema wakishaondoka tu nitakuambia."

"Waliondoka lini?"

"Mwezi wa nane."

Felisita akahesabu kwa vidole, mbele yao, bila aibu. Jumamosi kumi tangu wageni waondoke. Mara kumi alikaa pale chini akilikanda kava la baba yake huku huyu bwana akipita na kikombe chake cha kahawa, akisema kazi nzuri mama, hongera mama. Labda mwezi wa sita jina lilikuwa bado linasomeka. Labda mwezi wa nane dole lilikuwa bado dole. Hayo hakuna atakayeyajua, na ndiyo yaliyomuuma kuliko mengine yote. Alikaa kwenye kigoda chake cha kufukizia, akalia kwa sauti, na Zulfa akakaa chini sakafuni kando yake akamshika goti.

Zulfa ndiye aliyekumbuka daftari. Kila kitu kilichoingia makumbusho kiliandikwa, alisema. Kama Ahmadi alinakili yaliyomo kwenye kadi, basi kuna pa kuanzia. Felisita akanyanyua uso. Ahmadi akafungua daftari, akatafuta namba arobaini na moja, akasoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila neno:

"Kava la kadi. Plastiki laini, kahawia mpauko. Sentimita kumi na mbili kwa tisa. Hali, nzuri sana. Limetolewa na mama wa Nemba."

"Endelea," alisema Felisita.

"Imeishia hapo."

Hata picha ilikuwepo, ya simu. Mwanga ulikuwa umepiga kwenye plastiki na katikati pote palikuwa peupe.

Walikwenda ofisi ya uhamiaji pamoja wiki iliyofuata, Felisita na Ahmadi. Kava alilishika Ahmadi, kwa sababu lilishaingia kwenye daftari na kitu kilichoingia kwenye daftari hakitolewi ovyo, huo ndio utaratibu. Zulfa kabla ya kuondoka alikuwa amemsihi aandike barua, naye aliandika. Barua ilisema makumbusho yanathibitisha kuwa kava hilo lilipokelewa likiwa katika hali nzuri sana.

"Na jina?" Felisita alikuwa amemuuliza. "Andika kwamba lilikuwepo jina."

"Mama, sikulisoma. Nikiandika nitakuwa nimeidanganya serikali."

Na kweli hakulisoma. Hapo ndipo mtu unaposhindwa hata kumgombeza vizuri.

Afisa aliyewapokea alikuwa binti mpole aitwaye Agness. Alimwamkia Felisita, akampa kiti, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho, jambo ambalo si kila mtu mwenye meza angelifanya. Alichukua kava, akalielekeza kwenye taa, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini hii niliyoshika ni plastiki. Siwezi kuiwekea muhuri."

"Nina watu watakaosema."

"Kila anayekuja hapa ana watu watakaosema." Alimgeukia Ahmadi. "Kaka, wewe uliiona kadi ikiwa na maandishi?"

Felisita alimtazama. Chumba kizima kilikuwa kinywani mwa mtu mmoja.

"Nililiona kava," alisema Ahmadi.

Agness alimrudishia kava. Basi akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu, akaisukuma mbele ya Felisita kwa upole ule ule. Ilikuwa fomu ya mgeni anayeomba kibali cha kuishi. Alimwonyesha kwa kalamu pa kujaza, na walipofika mahali palipoandikwa Nchi ya asili, Felisita aliuliza pale aandike nini.

"Ya mama yako," alisema Agness.

Alirudi nayo nyumbani haijajazwa. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, na kwa siku kadhaa alipika na kula akiwa ameipa mgongo.

Mtu mwingine asingekanyaga tena Nyakanazi. Felisita alirudi kwa sababu vyombo vya mti navyo vilikuwa vya watu, na havikuwa na kosa. Alikuta mabadiliko. Ahmadi alikuwa amefuata maagizo yote ya Zulfa, yote, mpaka la mwisho. Chumba cha plastiki kilikuwa kimewekewa dari, madirisha yametiwa wavu, mapazia mazito yamezuia jua. Yeboyebo zimelazwa kwenye karatasi nyeupe peke yake. Kitana kinachonuka kimetengwa na wenzake karibu na dirisha. Juu ya mlango bango jipya lilisema, Plastiki Nayo Huzeeka. Watu watatu waliokuwa wakisubiri basi la Ngara walikuwa wakizunguka humo wakinong'ona, na Ahmadi alikuwa akiwaeleza kwa lugha yake tamu.

Kava la Aristides lilikuwa katikati ya chumba, kwenye meza ya peke yake, limesimamishwa ili mwanga hafifu ulipenye na ule ukungu wa bluu uonekane. Hata adui yake angekiri kwamba lilikuwa limepangwa vizuri. Chini yake palikuwa na kikaratasi. Felisita aliinama, akakisoma.

Kava la kadi ya mkulima wa kahawa. Maandishi yamehamia kwenye plastiki kutokana na mafuta na joto. Jina la mkulima halijulikani.

Alikisoma mara mbili. Akasubiri wale watu watoke.

"Ahmadi. Anaitwa Aristides."

"Najua, mama."

"Basi andika."

Ahmadi alishusha pumzi. Alikuwa anaumia, hilo lilionekana, wala hakuwa anaigiza. "Mama, ofisi imeshasema hakuna uthibitisho. Nikiweka jina hapa, kesho wakaja kukagua, wataniuliza nimelitoa wapi. Na mimi nitasema nini?"

Felisita hakubishana. Nguvu za kubishana alikuwa ameziacha kwenye meza ya Agness. Alilitazama kava, akaona mahali ambapo kidole chake mwenyewe kilikuwa kimezoea kuanzia kupaka, pale pembeni kushoto, ambapo plastiki ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyembamba.

"Kama huwezi kuandika lake, andika la aliyelifuta," alisema. "Andika kwamba jina lilifutwa na binti yake, kwa siagi, kila mwezi, miaka mitatu. Hilo uliliona kwa macho yako. Hilo una ushahidi nalo."

"Mama, usijitese hivyo."

"Andika."

Ahmadi akachukua kikaratasi kipya, akainama juu ya meza, akaanza kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Jina lilifutwa na. Hapo kalamu ikasimama. Alimtazama Felisita, akalitazama lile kava, akarudi kumtazama Felisita, na ilionekana kwamba swali lile limemjia kweli na hana njia ya kulikwepa.

"Niandike binti wa nani?"

Jibu alilokuwa nalo Felisita ni jina lile lile lisiloandikika. Ahmadi akakiinamia tena kikaratasi, kwa heshima. Akaandika: mfanyakazi.